Ndoa ya watu tisa ufukweni Saadani: jibu kwa mpiga picha wa Bagamoyo

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni mpiga picha hapa Bagamoyo, mwaka wa tatu sasa, kazi zangu zote ni harusi za ukumbini. Rafiki yangu anaolewa Agosti. Hawataki ukumbi, hawataki kamati wala michango, watu ni tisa tu. Bwana harusi ameona picha za ndoa za jangwani kule Joshua Tree, Marekani, watu wawili na mawe na anga basi, naye anataka za namna hiyo Saadani. Sijawahi kupiga picha ndani ya hifadhi. Nianzie wapi, nibebe nini, na je, nifanye jioni kama zile picha zao?"

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloyapanga mengine yote. Jioni usifanye. Fanya alfajiri.

Zile picha za Joshua Tree wanazipiga jioni kwa sababu kule ni bara, jangwa la California, jua linazama nyuma ya majabali na kila upande unaogeukia ni mandhari. Sisi pwani yetu imeelekea mashariki. Jua letu linachomoza baharini na kuzama vichakani. Ukimsimamisha bwana harusi ufukweni saa 12 jioni, bahari iko nyuma yake lakini jua liko nyuma yako wewe, limeshaingia kwenye miti, na unachopata ni watu wawili wamesimama kivulini mbele ya maji ya rangi ya chai. Nasema chai kwa makusudi. Bahari ya Saadani si ya Nungwi kule Zanzibar. Mto Wami unamwaga tope lake pale jirani. Mwambie bwana harusi mapema, asije akadhani umeiharibu rangi kwenye kompyuta. Asubuhi, jua likija chini chini juu ya maji yale yale, tope linageuka shaba, wala hakuna atakayeuliza bahari ni ya rangi gani.

Agosti jua linatoka kati ya saa 12:20 na 12:40 asubuhi, na kama dakika ishirini kabla yake kuna mwanga laini wa kupigia. Likishatoka linapanda kama mkwezi aliyeuzoea mnazi wake, kwa kuwa tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Kufika saa 1:30 limeshakuwa kali na watu wanaanza kukunja nyuso. Kwa hiyo una saa moja. Mengine yote ninayokuambia hapa ni ya kuilinda hiyo saa moja.

La kwanza, mlale ndani. Magari hayaruhusiwi kuzunguka hifadhini usiku, kwa hiyo ukilala Bagamoyo, hata uamke saa tisa za usiku, jua utalikuta limekutangulia. TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, wana mabanda na nyumba ya wageni pale Saadani, na zipo kambi za watu binafsi kando ya bahari. Kiingilio kinahesabiwa kwa saa 24. Ingieni saa tisa alasiri, tokeni kesho yake kabla ya saa tisa, mtakuwa mmepata jioni nzima na asubuhi nzima kwa kiingilio kimoja. Msitegemee kulipa taslimu getini. Malipo yapangeni mapema.

Na hiyo jioni usilale. Jua likishazama nyuma yenu, tazama juu ya bahari. Kuna mkanda wa rangi ya waridi unapanda, na chini yake buluu ya kijivu kama moshi. Ile buluu ni kivuli cha dunia yenyewe kikianguka angani. Inadumu dakika kumi, kumi na tano, kisha giza. Wasimamishe hapo, mwanga wote ni laini, hakuna kivuli usoni, piga chache. Harusi ikiangukia tarehe 13 au 14 ya mwezi wa Kiislamu, mwezi nao utatoka baharini wakati huo huo. Tarehe 13 ndiyo nzuri zaidi, mwezi unatoka mapema kabla anga halijawa jeusi, hivyo kamera inaweza kuushika mwezi na uso wa mtu kwa pamoja. Siku zinazofuata unatoka gizani, na hapo utapata ama mwezi ama watu.

Ndiyo maana nakuomba, kabla hawajachapisha kadi (kama watachapisha, kwa watu tisa), muulizane tarehe ukiwa na jedwali la maji kupwa na kujaa mkononi. Hili wapiga picha wa ukumbini hulisahau, nami nililisahau. Harusi yangu ya kwanza ya ufukweni niliwapeleka watu alasiri ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Pwani yetu siku za bamvua maji yanajaa mnamo saa kumi, na yanapwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Tulipofika palikuwa na ufukwe wa upana wa mkeka, mawimbi yanapiga mizizi, na bi harusi anashikilia gauni kwa mikono yote miwili. Sina hata picha moja ya siku ile ambayo mikono yake imetulia. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali wala haiji karibu sana, na ukitaka usalama ndizo za kuchagua. Ila ukitaka ule mchanga mpana uliolowa unaoakisi anga kama kioo, tafuta asubuhi ambayo maji yanatoka. Asubuhi ya bamvua alfajiri maji yameshaanza kushuka, na kila dakika ufukwe unaongezeka. Hiyo ndiyo ningeichukua mimi.

Sasa jangwa. Jangwa la mawe hatuna, na ukijaribu kuliigiza utapata picha ya mtu amesimama kwenye kifusi. Lakini jangwa kwa Kiswahili ni mahali patupu, pasipoota kitu, na pwani tunapo tele. Hata Jangwani ya Dar es Salaam haijui ukame, kila masika inajaa maji. Nyuma ya mikoko ya Saadani kuna nyanda nyeupe za chumvi. Maji ya bahari yanazifikia bamvua kubwa tu, kisha yanakauka juani, chumvi inabaki, mwaka hadi mwaka, mpaka mti haushiki. Agosti, baada ya miezi ya kiangazi, ardhi inakuwa ngumu, imepasuka vipande vipande kama kaukau la muhogo, na mbali kabisa unaona mstari wa kijani wa mikoko. Watu wawili pale, na anga. Bwana harusi atapata alichokitaka, tena chenye asili ya kwao.

Chunga mambo mawili pale. Majaruba ya chumvi yenye kingo zilizochongwa ni mali ya watu, wana kazi yao, ombeni ruhusa kwao mbali na ruhusa ya hifadhi. Huko ndiko wanakokaa heroe pia, na ukiwasogelea wataruka wote kwa pamoja. Utapata picha moja nzuri na ndege watakuwa wamekosa chakula chao cha asubuhi. Kaa mbali. La pili, gamba la chumvi linadanganya. Juu linaonekana sakafu, chini ni tope. Tangulia wewe na fimbo, gonga kila hatua kabla ya kumwita bi harusi. Na chumvi inakula ngozi ya viatu na kuacha doa jeupe kwenye pindo, kwa hiyo wabebe kanga mbili za kukanyagia wakiwa njiani.

Hapa kwenye chumvi ndipo kamera itakapokusaliti, hivyo nikae kidogo. Kamera haijui kwamba inaangalia kitu cheupe. Kila kitu inakidhani ni cha kijivu, na ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga. Weka chini ya fremu chumvi nyeupe, katikati kanzu nyeupe na shela jeupe, na ndani yake nyuso mbili za watu wa Bagamoyo: chumvi itatoka ya kijivu na nyuso zitatoka makaa. Usiiachie kamera iamue. Sogelea uso wa bi harusi, pima mwanga hapo kwenye shavu, funga vipimo kwa mkono, rudi nyuma upige. Ukishindwa hilo, ongeza stopu moja ya mwanga, hata moja na nusu, ukiangalia tu kwamba nyuzi za shela bado zinaonekana. Piga faili ghafi (RAW), si JPEG, ili hata ukikosea kidogo upate pa kurudi.

Lakini chumvi hiyo hiyo ni zawadi. Jua likiwa chini, inarudisha mwanga juu, usoni, kwa upole, kama umewekewa shuka jeupe la eka kumi. Huhitaji flashi wala kioo cha kurudishia mwanga. Mgeuze bi harusi jua limpige begani kwa nyuma, mwambie ainamishe kidevu kidogo, uone mwanga ule unavyoingia chini ya macho. Jua likipanda, zawadi inageuka: mwanga wa chini unazidi, na mtu anaonekana kama kamulikwa tochi chini ya kidevu, kama watoto wanaotishana usiku. Ukiona hivyo funga begi, mkanywe chai.

Agosti ni kusi. Asubuhi upepo ni wa wastani, mchana unavuma kweli, na unatoka kusini mashariki, yaani kutoka baharini kuja kwako. Ukimsimamisha bi harusi na bahari nyuma yake, shela lote linakuja mbele na kumfunika uso. Usipigane nao. Mgeuze atazame upepo, ubavu wake uwe kwako, shela litaruka nyuma lenyewe na utakuwa na picha ambayo ukumbini wanailipia feni. Pini za kutosha, tena pini za hijabu zenye kichwa kikubwa, ndogo zinapotea mchangani na hazifai kuachwa pale.

Nguo. Usicheke: waambie wasije na nyeusi wala buluu iliyokolea. Ndorobo, yaani mbung'o, wanazipenda rangi hizo mbili kuliko zote, hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya buluu na nyeusi. Upande wa Mkwaja palikuwa na ranchi ya ng'ombe kabla hapajawa hifadhi, na ndorobo hao walikuwa miongoni mwa taabu zake kubwa. Baibui jeusi la safari na suti ya buluu ya bwana harusi ni mwaliko. Kanzu ya rangi ya maziwa, koti la kahawia, baibui la rangi ya mchanga. Wewe pia, acha zile fulana nyeusi za kazi tulizozizoea wapiga picha.

Kuhusu vibali, usiingie kimya kimya ukijifanya mtalii mwenye kamera kubwa. Unalipwa, kwa hiyo hiyo ni kazi ya biashara, nayo ina utaratibu na ada yake mbali na kiingilio. Andika barua kwa mkuu wa hifadhi mwezi mmoja au zaidi kabla: tarehe, idadi ya watu, idadi ya magari, mnataka kusimama wapi, mtakaa muda gani, kama kutakuwa na dua au ibada yoyote. Subiri jibu la maandishi, ulichapishe, utembee nalo. Hata hao wa Joshua Tree hawaendi hivi hivi, ndoa ndani ya hifadhi yao inaombewa kibali maalumu. Droni iache nyumbani. Inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya hifadhi yenyewe, na baada ya kuhangaika kote huko kelele yake itawafukuza ndege na kuiharibu sauti ya dua.

Katika barua hiyo hiyo omba askari wa hifadhi mwenye silaha. Hamruhusiwi kushuka garini mtakapo, na pale ufukweni panapoonekana pa kuogelea tu, nyati hupita, tembo hupita, na simba wamewahi kuacha nyayo kwenye mchanga. Wami una viboko na mamba. Askari akisema ingieni garini, mnaingia, hata kama bi harusi yuko katikati ya tabasamu. Mweleze kabla, jioni yake, unataka kufanya nini na wapi, na msalimie vizuri. Yeye anajua ni kona ipi ina kinyesi kibichi cha nyati na ipi ni salama, na usimwingize kwenye picha bila kumuuliza.

Wanyama kwenye picha, najua watataka. Fanya ukiwa umeegemea gari, kwa lenzi ndefu, ya milimita 200. Twiga akiwa mbali, waweke maharusi pembeni ya gari la pili hatua thelathini mbele yako, kisha upige kwa lenzi ile ndefu. Umbali unajikunja na twiga anaonekana yuko nyuma yao kabisa, kumbe yuko robo kilomita huko na mgunga wake. Hakuna sababu ya kumsogelea mnyama yeyote.

Ndoa yenyewe sasa, na hapa nitasema kama kaka. Watu wakisikia wawili wameenda porini na watu saba, watasema wametoroka, au watatania kwamba ni ndoa ya mkeka. Si lolote kati ya hayo, na picha zako ndizo zitakazowanyamazisha, kwa hiyo mzee wa familia awemo. Kwa ndoa ya Kiislamu walii na mashahidi wawili hawakwepeki hata mkiwa wawili duniani, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21 kabla, kwa hiyo hayo yaanze Julai. Maoni yangu: akdi, yaani kufunga ndoa kwenyewe, isifanyike ufukweni. Ifanyike nyumbani kwa mama yake Bagamoyo asubuhi ya siku ya kwanza, kwa utulivu, cheti kisainiwe mezani pasipo upepo, kisha mle pilau, mpande magari. Saadani iwe ya picha na ya dua fupi. Wakisisitiza ufukweni, sawa, ila wewe jua kwamba "nimekubali" inasemwa kwa sekunde tatu na hairudiwi kwa ajili ya kamera. Zima sauti ya shata, simama nyuma ya bega la walii, piga mikono ilivyoshikana. Ile mikono, mmoja una mishipa ya uzee na mwingine una jasho, kwangu inazidi busu lolote la jangwani.

Na una kitu ambacho mimi sina: wewe ni mwanamke. Unaweza kuingia chumbani wakati bi harusi anafukizwa udi na kuvishwa kikuba. Mimi miaka yote hii mlango huo naukuta umefungwa, na ni sawa ufungwe. Ingia na lenzi ya 35, kaa chini pembeni ya dirisha, usiwashe taa. Halafu muulize yeye, peke yake, zipi zionekane mtandaoni na zipi zibaki kwake. Muandike, msaini.

Vifaa havikuniogopesha kamwe, kwa hiyo kwa ufupi. Miili miwili ya kamera, moja na 35, nyingine na 85 au 70–200, ili usibadilishe lenzi kwenye upepo wa mchanga. Kila mwili uandike kwenye kadi mbili kwa pamoja. Betri za ziada, kwa kuwa umeme wa kambini unaweza kuzimwa usiku. Kibegi kisichopitisha maji, cha kitambaa, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na getini wataiona. Kioo cha mbele cha lenzi kikirushiwa maji ya bahari usikisugue kikavu, chumvi inakwaruza. Lowesha kitambaa kwa maji ya kunywa, futa, kausha. Karatasi za kurusha, mapulizo, mchele wa kumwagia maharusi, vyote vibaki Bagamoyo. Nyani watawafundisha adabu ya vyakula wenyewe.

Kosa moja zaidi langu, usilirudie. Nililala na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi, nikatoka nayo saa 12:15 nikijiona mwerevu. Hewa ya pwani ilivyoigusa, lenzi ikafunga ukungu, ndani na nje. Nilisimama pale nikiifuta na ncha ya shati huku jua linatoka baharini, jekundu, zima, na maharusi wananiangalia. Kamera ilale nje ya chumba, ndani ya begi lake, kwenye baraza iliyofungwa, au uzime kiyoyozi usiku mzima ulale na joto.

Mvua nayo uifikirie. Agosti ni kavu, ila barabara za udongo mweusi huko ndani zinahitaji mvua moja tu ya usiku kugeuka ubwabwa, na gari dogo halitoki. Njooni na la magurudumu manne. Mkikwama kabisa upande wa Bagamoyo, nendeni kwenye magofu ya Kaole. Kuta za matumbawe za msikiti wa karne ya 13, mibuyu, na mikoko ikianza pale pale. Saa 12:45 asubuhi mwanga unapita kwenye milango ile vizuri sana, ongeeni na wahusika siku moja kabla wawafungulie mapema. Waongozaji watataka kuwapeleka kwenye kaburi wanaloliita la wapendanao. Mimi maharusi siwapigi picha makaburini, wala simkalishi bi harusi juu ya kaburi la mtu, hata kama lina nakshi. Wapige mlangoni pa msikiti, wamevua viatu.

Ukishapata tarehe niandikie, tuangalie pamoja maji siku hiyo yatakuwa wapi saa 12:30.